Monitrisi na kuku wa kinywa

Nisameheni kabla hamjasoma mbali. Nilifika darasa la tano tu kwa watawa wa Kasongo, na tangu siku hizo mkono wangu umeshika jembe na mtoto kuliko kalamu. Herufi zangu zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na mvua. Mahali pengine najua nimekosea lakini sijui kosa liko wapi. Huyu ninayetaka kuwaeleza angelijua. Alikuwa akipita nyuma ya mabenchi yetu, ananyoosha kidole juu ya daftari, hasemi neno, na kidole kinabaki pale pale mpaka ulione kosa mwenyewe.

Jina lake sitaliandika. Watu wote walimwita Monitrisi, kwa kuwa ndiye alifundisha kwenye fwaye, ile nyumba ya matofali karibu na misioni ambako wake za makarani na walimu walijifunza kushona, kupiga pasi, kuogesha watoto na kutandika meza ya kizungu. Mchana alikuja kwetu wasichana wa shule kutufundisha sindano. Baadaye kaka yangu, karani wa pamba, alimwoa, akawa wifi yangu. Hata hapo sikuweza kumwita wifi. Nikifungua kinywa, neno lililotoka lilikuwa Monitrisi. Kaka mwenyewe alimwita hivyo mbele ya wageni, kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha baiskeli mpya.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na aproni yake ilikuwa na wanga mwingi hata akikaa ilitoa sauti. Pasi yake ya makaa hakumwazima mtu. Akicheka aliziba mdomo kwa kiganja, na kicheko kikimzidi aligeukia ukuta, akamaliza huko, kisha akarudi na uso wa kazi.

Wanawake wa fwaye walimwogopa na kumtania pamoja. Kulikuwa na mtoto wa mti, aliyechongwa na seremala wa misioni, wa kujifunzia kuogesha. Seremala alikuwa amezoea kuchonga watakatifu, na mtoto yule akatoka na uso wa mzee, mashavu yameingia ndani, paji lina mikunjo. Mama mmoja alimwinua juu darasani akasema:

"Monitrisi, mutoto wako huyu iko na ndevu!"

"Si ndevu," akajibu, anaendelea kupima maji kwa kiwiko. "Ni kodi. Imemuzeesha mbele ya kuzaliwa."

Wakacheka mpaka mtawa akaja kuchungulia dirishani. Naye Monitrisi akawa ameinama juu ya beseni, anasugua masikio ya mti kwa sabuni, kwa adabu kubwa.

Kufuatana na mafundisho, mtoto alipaswa kunyonya kwa saa. Saa ilitundikwa ukutani, na mama aliyenyonyesha kabla ya mshale kufika alikemewa. Lakini mtawa akitoka nje na mtoto akilia, Monitrisi alisema taratibu, bila kumtazama mtu, "Mupe. Saa haina tumbo." Alifundisha pia kwamba wageni wakija, mtoto awe amelala, chumba kingine, mlango umefungwa. "Mutoto si mugeni," alisema. "Mugeni anakula, mutoto analala." Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Mvua ikinyesha na bati la fwaye likivuja, nilimwona mara nyingi akikimbilia kwanza ule mti, anaufunika kwa kitambaa, ndipo anakumbuka vitabu.

Kwa habari ya uma alikuwa na maneno yake. Alitushikisha uma mkononi, mmoja mmoja, na alisema hivi: "Mukono iko na vidole vitano. Uma iko na vinne. Kidole kimoja kimebaki wapi? Kimebaki kwa haya. Hicho uingie nacho mezani ya watu, usikisahau nyumbani." Sisi wasichana tulirudia maneno hayo tukienda mtoni, tukicheka. Hatukujua kwamba kwake hayakuwa maneno ya darasani.

Maana jambo moja nililiona tangu alipoingia kwetu. Huyu aliyefundisha mji mzima kula, mimi sikupata kumwona akila.

Sababu yake ilikuwa baba yangu. Kwetu kijijini Wamaza, mwanamke hali chakula mbele ya baba mkwe. Hamtazami machoni, haketi juu ya kiti chake, haingii chumba anacholala. Hiyo ni haya, na hakuna mwanamke anayeilalamikia, kwa sababu ina mwisho. Siku moja baba mkwe anamwita mke wa mwanawe, anampa kuku jike, mzima, miguu imefungwa. Tunamwita kuku wa kinywa. Mwanamke anampika, anampelekea mzee firigisi, halafu anakaa pale pale mbele yake, anakula. Kuanzia siku hiyo yeye ni mtu wa nyumba. Wazee wengine wanatoa kuku baada ya mavuno ya kwanza. Wengine wanangoja mtoto wa kwanza.

Baba yangu hakumtoa. Monitrisi alikuwa mtu wa Nyangwe, wa mtoni, na baba alisema hawajui hao watu. Zaidi ya hapo alikuwa amesikia habari za fwaye. "Mwanamuke anayefundisha wenzake kutafuna mbele ya wanaume," alisema, na hakujali kwamba Monitrisi mwenyewe yuko nyuma ya ukuta anatwanga. "Huyu anafunguliwa kinywa cha nini? Kinywa chake kilifunguliwa zamani na wazungu. Hana haya."

Mama akasema, "Mzee, anakusikia."

"Asikie."

Mchi haukusimama. Nakumbuka haukubadilika hata mwendo.

Tangu hapo Monitrisi alishika haya kuliko wanawake wote wa Wamaza. Kila kiangazi kaka alipomleta kutusalimu, aliacha viatu njiani, aliingia uani kwa magoti, na baba akikaa barazani yeye alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye majani yenye upupu, asikatize mbele yake. Wenzake walikula pembeni ya jiko wakati baba yuko shambani. Yeye hata hapo hakula. Alisema, "Anaweza kurudi." Nilimwambia siku moja, mimi ambaye kusema kunanishinda, "Monitrisi, kula, mimi nitaangalia njia." Akanyoosha kile kidole chake, akakigusa kwenye paji langu, akatabasamu, akaendelea kuosha vyungu. Alikuwa anamngoja kuku. Alikuwa na hakika atakuja, kama mtu aliyefanya kazi yote na sasa anangoja tu kuitwa.

Baba alikufa hajamtoa. Mwezi huo huo nikazaa mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, na mume wangu, mtu mwema, akakubali mtoto apewe jina la baba yangu.

Kwetu jina si sauti tu ya kuitia. Mwenye jina la mtu amekaa mahali pa mtu huyo. Mama yangu alimwita mwanangu "mume wangu" na kumlalamikia kwamba hamnunulii kitenge. Mimi nilimwita Muzee. Nilisema, Muzee amekojoa, Muzee hataki uji. Na kwa Monitrisi, kitoto kile kisicho na meno kilikuwa baba mkwe wake, yule yule ambaye hakumfungua kinywa. Sikufikiria jambo hilo. Nilikuwa na mtoto, na nilikuwa nalala kidogo.

Alipokuwa na umri wa kukaa bila kushikwa, Muzee alishikwa na kikohozi kisichopona. Mume wangu akanipandisha juu ya kamyo ya pamba iliyokuwa ikienda Kasongo, nimpeleke hospitali, nilale kwa kaka. Nilifika nimejaa vumbi na nyuzi za pamba kichwani. Sikujua kwamba jioni ile ile kaka anangoja wageni.

Na wageni wenyewe walikuwa hawa: Bwana Mkubwa wa teritwari, yule mzungu aliyetawala wilaya yetu, mke wake tuliyemwita Madamu, na padri mmoja mzee. Kaka alikuwa ameomba karte ya mustaarabu, ile waliyopewa watu weusi wachache walioonekana wameendelea. Kabla ya kuipata, wazungu walikuja kwako wakatazama. Walitazama kama una vitanda, kama una chandarua, kama choo ni safi. Zaidi ya yote walitazama kama mke wako anakula pamoja nawe mezani, kwa kiti chake na uma wake. Wengi walinyimwa kwa hilo tu. Kaka hakuwa na wasiwasi. Alisema katika mji mzima, "Mimi mke wangu ndiye anafundisha wake zenu."

Niliingia mlangoni. Monitrisi alikuwa katikati ya chumba, sahani zimepangwa juu ya mkono wake. Akaniona, akafurahi, halafu akaona kichwa kidogo nyuma ya bega langu. Akashuka chini kwa magoti, na sahani zote mkononi, hazikulia hata moja. Akainamisha macho.

"Karibu, Muzee," akasema. "Umesafiri vizuri?"

Kaka akatoka chumbani anafunga tai. "Leo?" akaniambia. "Siku zote iko nyingi, unafika leo?"

Nikatazama miguu yangu, yenye vumbi juu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu.

"Mutoto anakohoa," nikasema.

"Umupeleke kwa jirani mupaka wageni waondoke."

"Mukwe wangu si mbuzi ya kufungwa kwa jirani," akasema Monitrisi kutoka chini.

"Ni mutoto! Hata meno hana!"

"Ni baba yako."

Kaka akacheka, kisha akaona hacheki. Akatoa saa mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Basi ufanye unavyojua," akasema. "Lakini mezani ukae, na kula ule. Unanisikia?"

"Nitakula," akasema.

Basi akampangia mgeni wake mahali. Nimewaona watu wakipokea wageni wakubwa, lakini sijaona mapokezi kama yale. Alitandua kitanda chao yeye na kaka, akatandika shuka mpya na juu yake kile kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe kwa kulabu, ambacho hakijawahi kulaliwa. Akaweka maji ya kunywa, na beseni, na mkeka kwa ajili yangu. Akatundika pazia zito mlangoni. Nilipomlaza Muzee katikati ya weupe ule, alikojoa mara moja, na mimi nikatamani kuingia ardhini. Monitrisi, kutoka upande wa pili wa pazia, akauliza, "Amelala?" Nikasema, "Amekojoa." Naye akajibu, "Ni kitanda chake. Afanye anavyotaka."

Ndipo akakumbuka viatu vyake vya mkutano. Vilikuwa chini ya kitanda. Na chumba sasa kilikuwa cha baba mkwe, haruhusiwi kuingia. Nikavitoa mimi. Kisha gauni. Kisha hereni. Kisha poda. Kila mara mkono wake ulipita chini ya pazia, kiganja juu, unangoja. Akavaa kila kitu jikoni, kati ya sufuria, na alipotoka alikuwa safi kama yai. Akasogea mpaka kwenye pazia, akapiga magoti na gauni lile.

"Muzee," akanong'ona, "unisamehe. Leo nitakula, na wewe uko nyumbani. Lakini pazia iko katikati. Mahali iko pazia, haya inapumzika. Mimi siko nakuzarau."

Muzee akapiga chafya. Naye akakaa kidogo, kama mtu anayepima jibu, akasema, "Asante."

Wageni wakaja, jua bado liko juu ya michikichi. Mimi nilikaa ndani na mtoto, na kwa ufa wa pazia niliona meza. Kulikuwa na supu, wali, samaki wa Lualaba, kuku wa kukaanga, na vitambaa vimekunjwa kama mabawa. Kaka aliongea Kifaransa. Bwana Mkubwa alikula na kutazama: dari, viti, mkono wa Monitrisi. Na Monitrisi alikula. Alichota supu, akaipeleka mdomoni, akameza, bila sauti, bila haraka. Nilikuwa nimemjua tangu utoto wangu na sikuwa nimeona koo lake likimeza. Niligeuza uso. Niliona kama nimemkuta anaoga.

Kaka aling'aa. Alimwita "mpenzi" kwa Kifaransa, ampitishie chumvi.

Halafu Muzee akaanza kukohoa. Nikampa ziwa, akalikataa. Nikamtikisa, nikamziba, nikamwimbia masikioni. Kikohozi kikawa kilio, na kilio chake kilikuwa kikubwa kama cha baba alipomkemea mtu.

"Nani analia?" akasema Madamu. Alijua Kiswahili cha jikoni. "Iko mutoto hapa? Lete yeye! Lete mutoto!"

Kaka akasema si kitu, ni ndugu wa shamba. Lakini Madamu alikuwa amekwisha kusimama. Akavuta pazia. Nilikuwa nimekaa sakafuni, ziwa nje, nyuzi za pamba bado kichwani, na watu wote wa meza wakaniona. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akasema maneno matamu, akarudi naye, akamkalisha juu ya paja lake mezani, akamfunga kitambaa shingoni. Muzee akanyamaza papo hapo. Akaweka mikono yake miwili juu ya meza, akatazama mbele. Na mbele yake alikaa Monitrisi.

"Mugeni mupya!" akasema Madamu, akacheka. "Mugeni mukubwa! Sahani yake iko wapi?"

Monitrisi akainuka. Akaleta sahani, akazunguka meza kwa nyuma, akapiga magoti, akaiweka kwa mikono miwili mbele ya mtoto, macho chini. Wazungu wakapiga makofi. Walidhani anamchezea. Wakasema, tazama anavyopenda watoto. Padri peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amekaa miaka mingi Kabambare, upande wa kwetu, na desturi zetu alizijua. Alimtazama, akatazama sahani yake mwenyewe.

Monitrisi hakurudi kwenye kiti. Alisimama karibu na ukuta, mikono imekunjwa juu ya tumbo. Chakula kikapoa mahali pake. Bwana Mkubwa akamaliza kutafuna, akamwuliza kaka kitu, na sikuhitaji Kifaransa kukielewa. Alionyesha kile kiti kwa kisu.

"Kaa," akasema kaka kwa Kiswahili, anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Kula."

Akakaa.

"Kula, nakuambia."

Akashika uma. Ulikuwa na kipande kidogo cha samaki. Ukapanda mpaka karibu na midomo, na hapo Muzee, aliyekuwa anamfuata kwa macho, akamchekea, ufizi mtupu, akanyoosha mkono kuelekea kwake. Sijui mtoto aliona nini. Mimi niliona mwanangu. Monitrisi aliona mzee aliyesema hana haya, amekaa kumtazama kama kweli atatafuna.

Akauweka uma chini, kando ya sahani, jinsi alivyotufundisha kuuweka mtu akishamaliza. Sahani ilikuwa imejaa. Akasema, "Mimi nimeshiba. Wageni wanisamehe."

Bwana Mkubwa akafuta midomo, akasema jambo taratibu, na padri akaanza kueleza, lakini kaka akamkatiza. Kaka akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sikukijua, akasema kwa Kiswahili ili hata mimi nisikie:

"Huyu ni mwanamuke wa mutoni. Bado niko namufundisha."

Aibu niliyoipata hapo sijaweza kuivua. Nilikuwa na aibu ya nyuzi za pamba kichwani mwangu, na ya kikohozi cha mwanangu, na ya Wamaza yetu yote. Lakini kubwa ilikuwa hii: alikuwa ameshika heshima ya nyumba yetu kwa vidole vyake vyote, mbele ya watu ambao hawakuiona, na mwenye nyumba akamtupa kwa mzaha. Na yeye, je? Aliziba mdomo kwa kiganja kama mtu anayecheka, akageukia ukuta. Safari hii hakurudi na uso wa kazi. Alikaa hivyo mpaka Madamu alipomaliza matunda.

Karte ilichelewa, halafu ikajulikana haiji. Kaka hakumpiga wala hakumfukuza, na watu walimsifu kwa hilo. Alihamishia tu meza chumbani, akala peke yake, mlango umefungwa. Kwenye fwaye wanawake walinong'ona, "Huyu alishindwa kwake, anatufundisha nini?" Monitrisi alivumilia kiangazi kimoja. Kisha alimfunga yule mtoto wa mti kwa blanketi, akamlaza kabatini, akampa mtawa ufunguo, akaenda kwao Nyangwe. Padri alikataa kuvunja ndoa. Lakini ndugu za Monitrisi walileta mbuzi wa mahari Wamaza, na wazee wetu walifungua mlango wa zizi wakawaingiza, bila swali. Walikuwa mbuzi wazuri. Kila asubuhi niliposikia wakilia nilijifunika kichwa.

Mwanangu akapona, akaota meno, akaanza kusema. Akawa mkali na mwenye kutoa amri, na mama alisema ni mume wake kabisa. Alipoweza kutembea safari, nilimwambia jambo nililolifikiri muda mrefu. Nilimwambia kuna mama mmoja ambaye yeye ana deni kwake tangu kabla hajazaliwa. Akauliza deni gani. Nikasema, kuku. Akachagua mwenyewe, jike mwekundu, akafunga miguu yake kwa ukindu, akataka kumbeba mwenyewe.

Tulifika Nyangwe siku ya soko. Niliuliza, wakanionyesha kibanda kilicho karibu na mahali mitumbwi inapoegeshwa, ambako samaki wanakaushwa. Alikuwa anageuza samaki juu ya kichanja. Amekonda zaidi, na hakuwa na aproni. Mwanangu alikuwa nyuma yangu. Kuku nilikuwa nimempokea njiani, alimchosha, nikamweka chini karibu na mlango.

Akaniona. Akapiga kelele ya furaha, sauti ambayo fwaye haikupata kuisikia. Akanikumbatia na mikono ya samaki. Halafu akamwona mtoto, na mimi nikangoja ashuke kwa magoti.

Hakushuka. Akamshika kichwa, akamvuruga nywele, akasema, "Ni huyu aliyekuwa anakohoa? Tazama tumbo! Mama yako anakupa nini, mawe?"

"Sombe," akasema mwanangu, maana majani ya muhogo ndiyo chakula chetu cha kila siku.

"Basi leo utakula samaki ya watu. Mukae, tule."

Akatandika mkeka. Akaleta sahani moja, wali na samaki wa mawese, akamnawisha mtoto, akanawa mwenyewe. Akakaa mbele yake, uso kwa uso, miguu imenyooka, akatia mkono ndani ya wali, vidole vyote vitano, akafinyanga tonge, akala. Mafuta yalishuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akayalamba. Alikuwa anatoa miiba na kumwekea mtoto upande wake.

"We mutoto, polepole! Unanimalizia samaki."

"Wewe ndiye unamaliza," akasema mwanangu.

Akacheka kinywa wazi. Hakuziba kwa kiganja, wala hakugeukia ukuta.

"Na kaka yako," akaniambia, "anakula vizuri?"

Nikasema anakula.

"Asante kwa Mungu."

Nilitazama nje, mlangoni, ambako kuku alikuwa amelala ubavu, anapepesa jicho. Miaka yote nilitamani kumwona mama huyu akila mbele ya mwenye jina la baba, bila woga. Sasa alikuwa anakula, na kila tonge liliniambia kwa nini anaweza. Mbuzi walikuwa wamerudi. Mtoto huyu hakuwa tena mkwe wake. Alikuwa mtoto wa mgeni aliyepita sokoni. Sisi tungeweza kumpa ruhusa hiyo ilipokuwa na thamani, na hatukumpa, akajipa mwenyewe siku aliyotuondokea.

Sikuweza kumtaja kuku. Alipokwenda ndani kutuchukulia samaki wa safari, nilimwokota kuku, nikamficha chini ya kanga. Akatusindikiza mpaka njiani. Nadhani alimsikia akilia, maana alitazama kanga yangu, halafu akanyoosha kidole, kile kile, akakigusa kwenye paji langu kama zamani. Akarudi kwa samaki wake.

Tulikwenda kidogo. Mwanangu akasema, "Mama, na kuku? Hatukumupa."

Nikamwambia tutampa siku nyingine. Akasema mimi ni mwongo, akalia mpaka kwenye kivuko.

Basi ninyi mnaosoma, ninawaomba mnijibu. Ulizeni wazee wa kwenu. Mwanamke aliyeondoka kabla ya kufunguliwa kinywa, na akala mwenyewe, kuku wake anaweza bado kupelekwa, au ni kumtukana mara ya pili? Na akipelekwa, nani ampeleke: mtoto mwenye jina, au kaka yangu kwa miguu yake? Niandikieni hata kama ni maneno machache. Yule jike yuko, sijamchinja wala sijamuuza, na ameangua vifaranga. Andikeni kwa herufi kubwa. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.